Filamu Iliyomzika Fanuel

Jumapili, 8 Juni 2025

Daftari langu jipya, nakusalimu katika jina la Bwana. Hujambo? U mzima? Mimi ni mzima, kama si mgongo ningesema sina la kulalamika. Usinicheke. Mimi niliachia shule darasa la saba, na kitu mwalimu wa Kiswahili alitufunza kikakaa ni barua: salamu kwanza, hali ya mwenzako, halafu neno lako. Siwezi kuanza bila kumsalimu mtu.

Neno langu ni hili. Shuleni tumeingiliwa na filamu. Si ya kutazama — ya kutengeneza. Mwalimu Monari, yule kijana Mkisii wa Sanaa, amewaambia Gredi ya Nane kwamba muhula huu hawasomi usalama wa ziwa kwa kitabu. Wataufanyia filamu, na kila somo litaingia humo. Hesabu ni kupima sekunde za kila picha. Sayansi ni kujua kwa nini boti hupinduka. Wamefinyanga boti kumi za udongo, wakazipakia mawe na kuzizamisha moja moja kwa karai langu la mboga. Sanaa ni kuchora hadithi yote kwanza, picha kwa picha, kwa karatasi za mifuko ya simiti. Hata mimi mpishi nimo. Mfuniko wa sufuria yangu kubwa ndio wanaushika juani ili mwanga urudi kwa uso wa mtoto. Ijumaa maharagwe yalichemka wazi.

Na Linet wangu ameongea! Tangu Februari ya mwaka wa ishirini na tatu mtoto huyu hakujibu swali darasani. Walimu walishazoea, wanamruka. Mwalimu Monari akauliza nani ana hadithi ya ziwa, akasimama. Akasema, mimi ninayo, ni ya baba yangu.

Nililia hapo jikoni, nikasingizia moshi. Halafu nikashikwa na woga. Sijui wa nini.

Alhamisi, 12 Juni

Fanuel, mume wangu, ni fundi wa mashine za boti. Naandika ni. Siandiki alikuwa.

Siku ile ya Februari alitoka hapa Sindo na mvuvi mmoja kwenda kisiwa cha Takawiri, kujaribu mashine aliyokuwa ameitengeneza. Boti ilipatikana imepinduka. Mwenzake aliibuka siku ya tatu. Fanuel hakuibuka. Kwenye mazishi ya huyo mwenzake watu wa kwao walisema waziwazi kwamba ni mashine ya Fanuel iliyoua mtu wao, na kama yuko hai siku moja atajibu.

Kwetu mtu akipotelea majini na mwili usipatikane, watu hutafuta tunda la yago, lile refu, zito kama mguu wa mtoto. Wanalifunga shuka nyeupe, wanalilaza kaburini, wanalilia kwa jina la mtu. Hapo ndipo amekufa. Kabla ya hapo hajafa. Shemeji Odoyo, kaka mkubwa wa Fanuel, ameniomba yago mara nne. Nimekataa mara nne. Mchungaji wetu wa Sabato anasema tunda ni tunda tu, lakini sikukataa kwa ajili ya mchungaji. Nilikataa kwa sababu nikishazika nitaacha kungoja.

Sasa Mwalimu aliwatuma watoto wakaulize wazee: ziwa likichukua mtu, jamii hufanya nini? Linet akamuuliza dani yake, mama ya Fanuel, ambaye macho yamebaki ukungu. Mama akamweleza yote, hatua kwa hatua. Mtoto akachora. Leo nimeuona mchoro mezani. Shimo liko upande wa kulia wa nyumba yetu, pale pale mwenye nyumba huzikwa.

Jioni Mwalimu amekuja mwenyewe, amekaa na heshima zake. Ameomba boma letu kwa filamu: ziwa linaonekana, na vyombo vya kazi vya Fanuel bado vinaning'inia ukutani. Nikamuuliza kuhusu shimo. Akasema ni sekunde chache, na jina litakuwa la kubuni, Okelo. Kwao Kisii hawana yago. Kwake ni picha nzuri tu.

Nilikubali. Shika hilo, daftari. Ni mimi nilikubali.

Jumanne, 17 Juni

Wamepiga picha leo, mimi nikiwa shuleni na sufuria zangu. Habari nimezipata kwa foleni ya chakula.

Kwanza walikuja wakicheka. Tony, aliyeigiza Fanuel, alisimamishwa mara sita na Linet kwa sababu ya viatu. Baba yake hagusi mashine akiwa na viatu. Anavivua, anavipanga pamoja kando, vidole vikitazama mbali na kazi, kama mtu anayepanda kitandani. Anasema mguu ukigusa ardhi ndipo anasikia ugonjwa wa injini. Tony akasema, lakini Linet, mimi nimetoboka soksi. Ikabidi avue soksi pia.

Halafu msichana mmoja akasema, Mama Linet, shosho alikuja.

Walikuwa wameshalaza yago ndani ya shimo, ndani ya shuka aliyoitoa Sainab wa duka la vitambaa. Walikuwa wanaimba. Mama ya Fanuel akasikia wimbo, akatoka na fimbo yake akifuata sauti. Hakuna aliyemzuia. Akapiga magoti, akapapasa, akachota udongo, akautupa ndani. Akasema, Fanuel mwanangu, nenda pole pole. Hapo watoto wakaacha kuigiza. Wakalia kweli, hadi Tony aliyekuwa marehemu. Na Mwalimu hakuzima kamera.

Nimefika nyumbani. Kuna tuta. Kuna msalaba wa mbao umepakwa rangi ya shule. Jina si Okelo.

Nikamwita Linet. Nikamwambia Mwalimu alisema jina la kubuni. Hakuinua uso.

"Mama, kwa Okelo machozi yalikataa kuja."

Jumatano, 18 Juni

Asubuhi nilichukua jembe kwenda kulitoa lile tunda kabla majirani hawajaamka vizuri. Mama alikuwa ameshafika, ameketi kando ya tuta, mkono juu ya udongo kama mtu anayepima homa.

Akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, akasema, "Nyar Karungu, jana nimelala."

Miaka miwili na zaidi mwanamke huyu halali. Namsikia kupitia ukuta. Nikachuchumaa, nikamweleza pole pole kwamba yale ni masomo ya shule, ni filamu, watoto walikuwa wanaigiza.

"Najua ni watoto," akasema. "Lakini udongo ulikuwa wangu."

Nikarudisha jembe.

Saa nne Odoyo akaja shuleni, akanikuta nachagua mchele. Alikuwa ameshasikia. Hakukaa. Akasema mama ametupa udongo na ametaja jina, basi imeisha, nisithubutu kuchimba. Halafu akanipa mkono, akaniambia pole kwa kufiwa.

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Mkono wangu ulibaki na unga wa mchele, na alama ya vidole vyake.

Jumamosi, 21 Juni

Sabato. Kanisani wanawake wamenishika mabega mmoja mmoja. Katibu amenitaja kwa maombi kama mjane wetu. Niliinama na wengine wote, nikasema amina kabla sijafikiri.

Bwana, kama nimekosea kwa hiyo amina, nisamehe.

Ijumaa, 27 Juni

Leo filamu imeonyeshwa kwa wazazi, ndani ya bwalo, mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia. Wamejaa hadi mlangoni.

Nitasema ukweli: ni nzuri. Ni nzuri hadi mwili unasisimka. Wamepiga picha mashua kutoka chini, ukadhani ni jeneza linaelea. Katikati Linet anatokea na karai langu na boti ya udongo, anaeleza uzito ukikaa mbele maji yanaingia wapi, na kwa nini jaketi la kuelea linafungwa kabla ya kung'oa nanga. Wavuvi wazima, watu wenye ndevu, wakimwitikia kwa kichwa msichana wa miaka kumi na nne. Mmoja akasema kwa nguvu, sisi tunafundishwa na mtoto, na kumbe ni kweli! Mtoto ambaye hakujibu swali darasani.

Halafu wimbo. Halafu Mama na udongo wake. Jina limejaza ukuta wote: FANUEL.

Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji. Mwalimu akanifuata. Akasema pole, akasema alitaka kuikata hiyo sehemu akashindwa, ndiyo moyo wa filamu. Akasema inaenda mashindano ya shule Homa Bay. Akasema pia, kwa furaha, kwamba ameshaituma kwa WhatsApp ya wazazi ili hata walio mbali waone.

Nikamuuliza, inaweza kurudishwa? Akacheka kidogo. Akasema, Mama Linet, hiyo sasa iko kila mahali.

Jumanne, 1 Julai

Daftari, naandika haraka, nisamehe mwandiko.

Sainab amenituma mtu niende dukani kwake. Amefunga mlango, amenikalisha juu ya jora la kitambaa. Ana kaka yake, Farah, anauza jenereta na vipuri kule Isebania, mpakani na Tanzania. Filamu alimtumia, kwa sababu shuka ni yake na alijivunia. Sasa Farah amejibu kwa ujumbe wa sauti. Sainab akasema, sikiliza kwanza, halafu uniambie kama mimi ni mjinga.

Nimesikiliza mara tatu. Farah anasema hivi. Ana fundi nyuma ya duka, alikuja mwaka jana kutoka upande wa Sirare, ng'ambo ya mpaka. Haongei, wanamwita Kimya. Anatengeneza chochote chenye injini. Kabla hajafungua mashine anavua viatu na kuvipanga kando. Farah alidhani ni Mwislamu, akamwalika msikitini, yule akacheka tu. Basi Farah alipoona kwa filamu kijana anavua viatu vile vile, akaita, Kimya, njoo uone mtu amekuibia tabia.

Akaja. Akatazama. Kwa viatu akacheka, Farah anasema hajawahi kumsikia akicheka namna hiyo. Msichana wa karai alipotokea akakaa chini. Halafu mazishi. Akaomba irudishwe nyuma. Tena. Akauliza neno moja tu: huyo mama mzee ametupa nini? Farah akamwambia, si udongo?

Akarudisha simu kwa mikono miwili. Akavaa viatu. Akatoka.

"Jenereta ya watu ameiacha wazi hadi leo," Farah anasema. "Sainab, huyo mtu ni nani?"

Hiyo ilikuwa Jumapili.

Sainab akanishika magoti. Akaniambia, dada, mshukuru Mungu, yuko hai. Nikakumbuka wale waliosema atajibu kwa mashine yake, nikajua kwa nini alijificha. Na mimi nilitaka kushukuru. Mdomo ulifunguka. Lakini kitu cha kwanza nilichokiona ni lile tuta.

Jumatano, 2 Julai

Simu imeita nikipakua. Nambari ya Tanzania. Nikasema halo. Hakuna mtu. Nyuma yake malori, na mtu akitaja bei ya shilingi ya upande wa pili. Nikasema, Fanuel? Nikasikia pumzi. Ikakatika.

Nikampigia. Haishikwi.

Nikaenda kwa Odoyo, nikauliza kama mtu anayeuliza habari za watu wengine: mtu amezikiwa yago, halafu kumbe yuko hai, inakuwaje? Odoyo alikuwa anashona wavu. Aliuweka chini. Hakuniuliza nani. Nikaona ameelewa, na nikaona ameogopa — Odoyo ambaye haogopi kiboko.

"Mtu aliyetupiwa udongo na mama yake hapiti lango," akasema. "Akipita, shimo litadai mtu wake. Litaanza na aliyeandika jina."

Ni Linet aliyeandika jina.

Nikamwambia mimi ni mtu wa Biblia. Akasema sawa, Biblia ni nzuri, lakini je, uko tayari kujaribu na mtoto wako?

Nilimuuliza dawa. Akasema wazee wa kushughulikia jambo hilo wapo, lakini lazima wamkute nje, mbali na boma, kabla hajakanyaga ndani. Kwanza asije. Hilo tu. Asije kwanza.

Alhamisi, 3 Julai

Linet ameondoka na wenzake kwenda Homa Bay. Mashindano ni kesho. Alinikumbatia, ananuka rangi na sabuni. Hajui lolote. Ningemwambia nini? Baba yako yuko hai, na filamu yako imemfungia lango?

Aliniuliza, Mama, unafikiri baba angeipenda?

Nikamwambia angecheka kwa viatu.

Basi lao lilipopotea nikakaa kwa ngazi ya jiko, nikaandika ujumbe kwa ile nambari. Nimeuandika na kuufuta hadi betri ikabaki kidogo. Mwisho nikaandika: Kama ni wewe, usije nyumbani bado. Nitakueleza. Nikatuma.

Nilimtuma mume wangu arudi alikotoka. Mimi. Nimemngoja siku mia nane na zaidi, nimekataa yago mara nne, na neno la kwanza nimempa ni usije.

Sijamwambia Mama. Analala vizuri.

Ijumaa, 4 Julai

Mwalimu ameandika. Wameshinda, wanaenda mbele. Majaji waliomba kuiona mara ya pili sehemu ya shosho. Linet aliulizwa maswali jukwaani mbele ya watu mia tano na akajibu yote.

Nimejibu: Asante Mwalimu. Mungu ni mwema.

Ujumbe wangu wa jana hauna jibu. Sijui kama umesomwa.

Jumamosi, 5 Julai

Naandika jua likiwa bado juu ya maji. Nataka niandike kwa mpangilio, nisipotee.

Nimekuwa kanisani tangu asubuhi hadi saa tisa. Mama alibaki, hawezi tena kutembea hadi kule. Nimerudi nikamkuta ndani, mlango umefungwa kwa komeo, jambo ambalo hafanyi mchana. Nikabisha. Hakufungua hadi nilipotaja jina langu na la baba yangu.

Nikamuuliza kuna nini. Akasema mtu alisimama langoni saa sita, akamwita. Nikamuuliza mtu gani.

"Sauti ilikuwa ya Fanuel," akasema. "Aliniita mama mara tatu. Sikuitikia."

Nikamuuliza, Mama, kwa nini? Akanishangaa, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Akasema yeye mwenyewe alimzika Fanuel kwa mkono huu. Akasema sauti ya aliyezikwa haijibiwi, kila mtoto anajua, ukiijibu unaifuata. Akasema baada ya mara ya tatu ilinyamaza. Halafu akasikia mtu anachimba.

Nimeenda upande wa kulia wa nyumba.

Msalaba umeng'olewa, umelazwa juu ya majani, jina likitazama juu. Shimo liko wazi. Limechimbwa vizuri, udongo umewekwa upande mmoja, kazi ya mtu asiyependa uchafu. Shuka ya Sainab imekunjwa mara nne pembeni. Yago halimo.

Na kando ya shimo, viatu. Sivijui hivi viatu, ni vya huko alikokuwa. Lakini vimepangwa pamoja, vidole vikitazama mbali na kazi.

Nimefuata nyayo. Miguu mitupu, mizito, kama ya mtu aliyebeba kitu. Hazikurudi langoni. Zimepita nyuma ya jiko, zimeshuka shambani, zimeingia mateteni, na mwisho wa matete ni maji. Nimesimama hapo nikaita. Niliita zaidi ya mara tatu.

Labda amelirudisha tunda ziwani ili kosa liondoke, halafu akafuata ufuo kwenda kwa mtu. Fanuel ni mtu wa kutengeneza, anafungua kitu ili kipone. Najiambia hivyo. Lakini pwani yote kushoto na kulia ni mchanga laini, na nimetazama: hakuna nyayo.

Odoyo yuko chini huko na watu na mashua mbili. Linet anarudi kesho na kikombe chake. Mama ameketi kitandani, ananiuliza kwa nini nalia siku ya Sabato.

Nimepiga ile nambari mara tisa. Ile sauti ya mwanamke inasema haipatikani. Kwa hiyo nimeandika, na nanakili hapa neno kwa neno ili nijue kwamba niliandika:

Fanuel mpendwa, nakusalimu katika jina la Bwana. Hujambo? Natumaini u mzima. Sisi ni wazima, Linet ameshinda. Viatu vyako nimeviingiza ndani ya nyumba. Ujumbe wangu wa Alhamisi usiushike, nilikuwa naogopa, sasa siogopi, lango liko wazi na nimeketi hapo hapo. Ukipata huu, popote ulipo, tafadhali nijibu mapema.